Konji isikuvunje mugongo

Kila mwaka, masomo yakifungwa na mwezi wa saba ukiingia, jamaa nyingi za wafanyakazi wa mugodi zinafunga mizigo. Wengine wanaenda Kasai, wengine Kalemie, wengine ku Kolwezi kumuona nkambo. Mutu amefanya kazi mwaka muzima, na siku anapopata konji njo mugongo unakataa.

Tunamujua ndugu mumoja, dereva wa kamyo kubwa mu karyeri. Alishuka treni ku Mwene-Ditu ameinama sawa muzee. Siku kumi na ine za konji, nane alizilala juu ya mukeka. Alikuja kujenga kaburi ya baba yake. Simenti ilibakia mu mifuko.

Yeye alilaumu kiti cha treni. Kweli, kiti kilikuwa kigumu. Lakini mugongo wa mutu anayetikisika mu kamyo kila siku umeisha kuchoka mbele ya safari. Tena alitoka ku kazi ya usiku, akabeba mufuko wa bunga wa kilo 50 ku bega moja, akauweka chini ya miguu, na magoti yakabakia juu siku mbili nzima.

Basi tuanze na mizigo. Tunajua, hakuna anayeenda kwao mikono mitupu. Lakini gawanya: valizi mbili ndogo, moja kila mukono, ni bora kuliko moja kubwa. Ukiinua, piga magoti, shika kitu karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka, geuza miguu, usizungushe kiuno. Bunga inapatikana kule pia. Beba feza yake.

Mu kiti, kunja kitenge sawa fimbo nene, weka nyuma ya kiuno, fasi mugongo unapoingia ndani. Portefeye itoke mu mufuko wa nyuma, juu inakukalisha upande. Kwa usingizi, zungushia shingo nguo laini. Kichwa kikiegemea dirisha la basi, kila shimo la barabara linakipiga. Mama anayepakata mutoto abadilishe paja, na baba naye ampokee. Mutoto si muzigo wa mama peke yake!

Kubwa kuliko yote ni kusimama. Ukikaa masaa ine na zaidi bila kutembea, damu inalala mu miguu, na mara ingine inaganda. Toka Lubumbashi mupaka Ilebo ni zaidi ya kilomita 1 500 za reli, na treni haina haraka. Kila saa simama, tembea mu vagoni. Kama watu wamejaa mupaka mu mulango, basi palepale mu kiti inua visigino, kisha vidole, mara makumi mawili. Kunywa maji. Wengi wanakataa maji juu ya kuogopa choo cha njiani, na tunawaelewa, lakini kiu inaongeza hatari ile. Pombe nayo inakausha mwili, na mulevi analala amejikunja bila kusikia.

Kama muguu mumoja umevimba, unauma na una moto, usiukande. Nenda ku munganga siku ileile. Na kama kifua kinauma ao pumzi inakatika gafula, hata kisha siku kazaa za kufika, kimbilia hospitali. Mama mwenye mimba, na mutu aliyepasuliwa karibuni, waulize munganga mbele ya kukata tike.

Kuna jambo lingine. Mwili wote ukiuma na joto ikipanda juma moja ao mbili kisha kufika, usiseme ni uchovu wa njia. Lubumbashi iko juu na ina baridi mu mwezi wa saba. Kule chini ni joto na mbu ni wengi. Pimisha malaria, zaidi kwa mutoto, na usimeze dawa ya maumivu tu kwa kungojea.

Ndugu yetu wa kamyo anasafiri tena juma hili. Tulimuona ku gare na valizi mbili ndogo na kitenge cha bibi yake ku bega. Simenti inamungojea kwa shangazi, kama haijakauka.