Umri wa Kijana Aliyekosa: Kazi ya Mganga Mbele ya Mahakama ya Watoto

Tuchukue mfano wa kijana wa kata ya Njoro, mjini Moshi, aliyekamatwa na simu ya mama muuza ndizi. Mama anataka simu yake, na anataka kijana aulizwe sababu ya kumwibia. Yote mawili ni haki yake. Kijana anasema ana miaka 16. Askari anamwona mtu mzima. Cheti cha kuzaliwa hakipo, ndipo mganga anapoombwa aandike umri.

Uzito wa jibu hilo ni mkubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Haisemi kwamba asiwajibike. Akionekana ana hatia, Mahakama ya Watoto yaweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, kuagiza mzazi alipe fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho Irambo, Mbeya. Njia hiyo ya mwisho haifai kuchukuliwa kwa wepesi, maana Mbeya ni safari ya siku nzima kwa basi, na mzazi wa Njoro hawezi kumtembelea mwanawe mara kwa mara. Kesi ikiendelea bila dhamana, mahali pa mtoto ni mahabusu ya watoto, ambayo Moshi inayo.

Wengi hukimbilia eksirei ya mkono. Kipimo hicho hutazama gegedu za ukuaji, ambazo hugeuka mfupa kadiri mtoto anavyokua. Lakini kitabu cha picha kinachotumiwa sana kulinganishia, cha Greulich na Pyle, kilitokana na watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Utapiamlo na maradhi ya muda mrefu huchelewesha mifupa. Hata kwa mtoto mwenye afya, makadirio yaweza kukosea kwa miaka miwili hivi, mbele au nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya eksirei, na iulizwe kadi ya kliniki, rejista ya shule, na cheti cha ubatizo. Uchagani makanisa yametunza vitabu hivyo kwa vizazi. Vikikosekana vyote, mganga aandike masafa, kwa mfano kati ya miaka 15 na 19, wala asiandike namba moja. Masafa yakivuka 18, busara ni kumchukulia kijana kuwa mtoto.

Uchunguzi huohuo ni nafasi ya kuona mengine: kifafa kisichotibiwa, matumizi ya gundi au bangi, usingizi wa hofu. Haya hayafuti wizi, ila afisa ustawi wa jamii atayahitaji anapopanga uangalizi, kwa sababu kijana anayevuta gundi hatashika masharti ya mahakama kabla ya kupata tiba. Na mganga akiona alama za fimbo mgongoni, aziandike pia, hata kama hakuulizwa.