Je, Wajua? Jicho la anayeanza laweza kupima mtuo

Je, wajua kwamba mpimaji anayeanza, akifunzwa, anaweza kupima namna mchezaji anavyotua karibu sawa na mzoefu? Kipimo kiitwacho LESS, kilichochapishwa Marekani mwaka 2009 ili kutambua mituo inayoweza kuumiza goti, humtaka mchezaji aruke kutoka kwenye sanduku la sentimita 30, atue mbele, kisha aruke juu kwa nguvu zote. Kamera mbili za kawaida humrekodi kwa mbele na ubavuni, na mpimaji huhesabu makosa kwa vigezo 17: goti limekunjika? Limeingia ndani? Utafiti wa mwaka 2010 ulipolinganisha alama za mzoefu na za anayeanza, ulinganifu wa jumla ulifika 0.835, ambapo 1 ni kulingana kabisa.

Wapo watakaosema kukubaliana si kuwa sahihi, maana wawili waweza kukosea pamoja. Ni kweli: baadhi ya vigezo havikulingana vizuri na mitambo ya maabara, na tafiti hazijaafikiana iwapo alama hizo hubashiri nani atachanika kano ya goti. Lakini hoja hiyo inatufundisha kutegemea jumla ya alama, kurudia video polepole na kuweka wapimaji wawili, haitufundishi kuacha. Kwa mfano, huko Songwa, wilayani Kishapu, Tanzania, mwalimu anayeandaa timu ya netiboli kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hahitaji maabara ili aanze. Simu na sanduku imara vinatosha. Mwalimu wa michezo, anza kutazama magoti ya wanafunzi wako leo.