Fahamu: Nani huyu anayebisha hodi na mkoba wa vipimo?

Kuanzia Kuresoi hadi Gilgil, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, anayekuja na mkoba huo ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchini, kila mmoja akihudumia kaya 100 hivi. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ikatiwa saini.

Huyu si muuguzi. Hupima presha na sukari, na huzungusha utepe kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma kijani, sentimita 12.5 kwenda juu, hali ni njema. Manjano, aangaliwe kwa karibu. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mama hahitaji kujua namba, rangi inatosha.

Muuguzi anaingia pale mhamasishaji anapomwandikia mgonjwa barua ya rufaa ya kwenda kituoni, na hapo ndipo mambo hukwama. Zahanati ya mashambani yenye muuguzi mmoja hufungwa akitoka kwenda kumsafisha mgonjwa kidonda nyumbani. Kuongeza mikoba bila kuongeza wauguzi ni kurefusha foleni tu.

Ukipewa barua ya rufaa, usiiweke kabatini. Nenda nayo zahanati, kisha umjulishe mhamasishaji wako ulichoambiwa.