Mkoa wa Kati: Mlima Mmoja, Mipaka Mingi

Ukikuta hati ya mwaka 1955 inayosema Meru iko katika Mkoa wa Kati, usidhani karani alikosea. Wakati huo mkoa ulizunguka sehemu kubwa ya Mlima Kenya, na Embu na Meru zilikuwa ndani yake. Makao yake yalikuwa Nyeri, mji uliokua kutoka kwenye kituo cha kijeshi ambacho Waingereza walikijenga mwaka 1902 baada ya kuwashambulia wenyeji wa Tetu.

Mipaka ilibadilika uhuru ulipokaribia. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 iliziweka Embu na Meru upande wa mashariki. Kirinyaga ilimegwa kutoka Embu ikabaki Kati, na Nyandarua, iliyokuwa ardhi ya walowezi, ikaongezwa. Tangu 1963 Mkoa wa Kati ukawa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Kirinyaga na Nyandarua. Mlima nao ukagawanywa: Karatina na Kerugoya zikawa Kati, Chuka na Meru Mashariki, Nanyuki Bonde la Ufa. Wafanyabiashara na jamaa waliendelea kuvuka mipaka hiyo kila siku.

Katiba ya majimbo ya 1963 iliipa kila sehemu baraza la kuchaguliwa. Halikudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 12, 1964, madaraka yalikuwa yamesharudi Nairobi. Nyeri ikabaki na Mkuu wa Mkoa, mteule wa Rais. Chini yake wakuu wa wilaya, maofisa wa tarafa, machifu na manaibu wao. Amri ilishuka kutoka juu, na mwananchi hakuwa na kura ya kumwondoa hata mmoja wao.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilileta kaunti 47, kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, wilaya zile tano za Kati zilipata kila moja gavana na bunge lake. Machifu wangalipo, lakini hospitali kuu ya Nyeri, kwa mfano, sasa iko chini ya kaunti.

Kwa hiyo, anayetafuta kumbukumbu za shamba au za ukoo aanze na mwaka, kisha aulize mpaka ulipita wapi wakati huo. Na anayeukumbuka mkoa kwa hamu akumbuke pia kwamba mkuu wake hakuulizwa lolote na wananchi. Gavana anaulizwa. Tuhudhurie vikao vya bajeti ya kaunti, tumuulize.