Je, Wajua? Jicho la Dunia na Sanduku la Kura, Kuanzia Milima ya Usambara

Lushoto inasifika kwa baridi, mapeasi na mboga zinazoshuka mlimani kwenda masoko ya mijini. Lakini milima hiyo ina mengi ya kusema pia kuhusu kura, watawala na macho ya mataifa.

Je, wajua kwamba huko Shambaai, yaani Usambara, watawala waliwahi kuachia kiti bila kura hata moja kupigwa? Ukoo wa Wakilindi ulitawala kutoka Vuga, na mfalme alipimwa kwa mvua na shibe: njaa ikiingia, lawama ni yake. Waingereza waliurejesha utawala huo mwaka 1926 ili kutawala kupitia kwake. Mfalme Kinyashi alijiuzulu mwaka 1929. Mfalme Magogo naye aliondoka mwaka 1947, baada ya wananchi kumkataa waziwazi.

Je, wajua kwamba Tanganyika ilikuwa na mlango ambao Kenya haikuwa nao? Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwingereza aliwajibika kutoa taarifa kwa Baraza la Udhamini, ujumbe wa kukagua ulifika kila baada ya miaka mitatu, na wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao. Ardhi haikurudi wakati huo, ila nchi nzima ilijifunza njia.

Je, wajua kwamba siasa za uhuru Lushoto zilikolezwa na matuta? Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko, ukianzia bonde la Mlalo, na wakulima wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko mikali. Aliyekaidi alishtakiwa katika baraza la chifu. Chuki hiyo iliwasogeza wengi kwenye TANU, chama kilichopigania uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umetupwa.

Je, wajua kwamba ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 ulisema Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25? Waingereza walikasirika wakiona ni haraka mno. Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba tu baada ya ukaguzi ule.

Je, wajua kwamba katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu? Ili uandikishwe ulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Wakulima wengi wa Usambara walibaki nje. TANU iliukubali mchezo huo wa kura tatu katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ikashinda. Mwaka 1960 ilizoa viti 70 kati ya 71.

Je, wajua kwamba mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wawili wa TANU walishindana majimboni kwa alama za jembe na nyumba? Hata waziri Paul Bomani aliangushwa. Na Tume ya Nyalali ilipokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikabadilika mwaka 1992.

Je, wajua kwamba kura ya Zanzibar iliigharimu Tanzania msaada wa dola milioni 472? Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila chama kikuu cha upinzani. Shirika la Marekani la MCC likasitisha fedha, likitaja uchaguzi huo na sheria ya makosa ya mtandao. Fedha ziliondoka, matokeo yakabaki.

Je, wajua kwamba Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto? Watumishi wa mahakama husomea huko, lakini kuna shauri ambalo hakuna mahakama nchini inayoweza kulisikiliza: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia kuhoji mahakamani ushindi wa rais uliotangazwa na tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka haki. Haijafutwa.

Je, wajua kwamba waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao aghalabu hawapendi maneno makali, waliukosoa wazi uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025? Umoja wa Afrika ulisema haukukidhi misingi yake.

Historia hii ina funzo moja. Shinikizo la nje lilizaa matunda pale lilipokutana na watu waliojipanga ndani, kama miaka ya 1950. Lilipokuja peke yake, liliishia kwenye taarifa. Basi, msomaji, taarifa za waangalizi zisome, lakini daftari la wapiga kura la kijiji chako likague mwenyewe.