Mume wangu, Dodoma na majani mekundu

Mwenzi wako akikwambia anataka kuweka tanki la samaki sebuleni, usikimbilie kuuliza bei. Muulize kwanza: samaki au majani? Kama ni samaki, lala usingizi. Kama ni majani, na hasa yale mekundu, mkae chini mzungumze, maana hapo mnaingiza mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Wangu aliangukia kwenye majani. Mmea wenyewe unaitwa Rotala macrandra, asili yake kusini mwa India. Ukiwa na afya unakuwa mwekundu wa damu ya mzee, majani yana mawimbi kama pindo la gauni, na shina ni laini kuliko mchicha mchanga. Ukinuna, majani ya chini yanaoza na kuyeyuka ndani ya siku chache, unabaki na vijiti. Tulipohamia Tabata alikuja nao kwenye mfuko wa nailoni akiupakata kama mtoto.

Kisha, mwaka wa pili wa ndoa yetu, akahamishiwa Dodoma. Mimi kazi yangu iko Dar. Yeye alitaka tuuze tanki, pesa isaidie kodi ya chumba cha pili, na kwa hesabu za nyumbani alikuwa na hoja. Mimi nikakataa. Sikutaka kurudi jioni kwenye sebule ambayo kila kitu chake kimeondoka. Nikamwambia, niachie, nifundishe.

Si mchezo, jamani. Wekundu ule ni rangi inayoitwa anthosayanini, na mmea huitengeneza zaidi ukipigwa na mwanga mkali. Lakini mwanga mkali bila chakula ni kuwaalika mwani waje kuweka kambi. Kwa hiyo taa inawaka saa nane kwa siku, kwa saa ya kujizima yenyewe, na maji yanapewa hewa ukaa kutoka kwenye mtungi. Ndani ya tanki kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika kinachobadilika rangi: buluu hewa haitoshi, kijani mambo safi, njano samaki wanakaribia kukabwa. Mtungi una valvu ya umeme inayojifunga umeme ukikatika, la sivyo usiku mmoja wa giza unaweza kumaliza samaki wote.

Halafu kuna joto. Mmea huu unafurahia maji ya nyuzi 22 hadi 28, na wewe unaijua Dar ya Januari. Maji yakipata moto yanashika hewa kidogo, mmea unadhoofika. Dawa yetu ni feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Inashusha nyuzi mbili tatu. Ila maji yanayopotea kwa mvuke yanaacha madini nyuma, na ukijazia maji ya kisima yenye chumvi unazidi kuyafanya magumu wakati mwenyewe anataka laini. Mimi najazia maji ya mvua. Mvua ya kwanza inaosha bati, naiacha ipite. Ya pili nakinga ndoo zote, majirani wacheke watakavyo.

(Na usichanganye na samaki wa Ziwa Tanganyika, hata wakikuvutia vipi. Wale wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Hizo ni ndoa mbili tofauti.)

Kuna wanaopunguza naitreti ili majani yazidi kuwa mekundu. Kwa ndugu yake, Rotala rotundifolia, ujanja huo unafanya kazi. Huyu wetu ukimnyima anadumaa. Anataka ale vizuri, apate na madini ya chuma kila wiki, na nusu ya maji ibadilishwe kila Jumamosi.

Sasa simu. Mwanzoni mazungumzo yetu ya usiku yalikuwa “Umekula?” “Nimekula.” “Haya, lala salama.” Tanki likatupa la kusema, kisha likazidi. Akawa anapiga kama bosi anayekagua ghala: kichupa rangi gani, umepima joto, nitumie picha. Wiki ya tatu nikamkatisha. Nikamwambia, mume wangu, ukinipigia anza na mimi, majani baadaye. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza siku yangu imekwendaje, na kwa mara ya kwanza tangu ahame akaniambia kwamba kule Dodoma Jumapili zinamshinda.

Tangu hapo tanki nalipanga ninavyotaka. Yeye alikuwa amesambaza wekundu kila kona. Mimi nikafuata mtindo wa Kiholanzi: kundi moja jekundu, kando kidogo ya katikati, kijani kikilizunguka. Mashina yakifika juu nakata vichwa navipandikiza mbele, vishina vizee natupa.

Mwezi uliopita alikuja na treni ya SGR, Ijumaa usiku. Aliweka begi mlangoni, akasimama mbele ya kioo muda mrefu bila kusema neno. Kisha akageuka.

“Mke wangu, hapa nyuma pamerefuka. Naruhusiwa kukata?”

Nikamwelekeza mkasi ulipo.