Shimo zetu ziko ndani ya vitabu, vitabu haviko kwetu

Kuko mashimo ya Masisi na ya Walikale yenye kujulikana Chicago na London kuliko Kinshasa. Mtafiti anafika na begi yake mugongoni, anashuka Rubaya ao Njingala, anauliza juu ya PDG wa shimo, juu ya bei ya kilo, juu ya askari wa bariere. Anaandika ndani ya kaye yake, anashukuru watu, anarudia. Miaka miwili mitatu inapita, kitabu kinatoka. Wale walioacha kazi saa nzima ili wamujibu hawakioni hata siku moja.

Tulitaka kujua vile vitabu vinasema nini. Tumechukua vichache: vya uchumi, vya makabila kuishi pamoja, na kimoja cha muziki ya wazee. Vingi ni vya Kiingereza, bei yao kwa dola inaweza kula siku nyingi za kazi ya mutu mwenye kusafisha koltani. Basi tunavieleza hapa kwa wale wenye hawana namna ya kuvipata.

Tuanze na franga.

Watu wazima wa Masisi wanakumbuka mwisho wa mwaka 2000. Bei ya tantale kwenye soko ya dunia ilipanda karibu mara kumi kwa miezi michache, na mwaka 2001 ikaanguka. Vijana waliacha shule, wakulima waliacha mashamba, malisho ya ngombe yenye vita ilikuwa imeacha tupu yakachimbwa. Taasisi moja ya Goma, Pole Institute, ilitoa kitabu kidogo juu ya ile homa ya koltani mwaka 2002. Kiliandikwa karibu na sisi, watu wa mashimo wanaongea ndani yake wao wenyewe, na mpaka leo kinasomeka vizuri kuliko vitabu vingi vinene vilivyokuja nyuma.

Kisha ikaja zamu ya Bisie. Kasiterite ilionekana kule ndani ya pori ya Walikale mwaka 2002. Watu walibeba mizigo ya kilo 50 kwa miguu mpaka Njingala, na ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, zipeleke mawe Goma. Mtu wa Marekani, James H. Smith, mwalimu wa universite ya California kule Davis, aliandika juu ya maisha hayo ndani ya kitabu The Eyes of the World, kilichotoka Chicago mwaka 2022. Bisie iko na nafasi yake mule. Kuna kurasa zenye kuchosha, tuseme ukweli, za mabishano ya wanachuo kati yao. Lakini Smith aliwasikiliza wachimbaji. Alishika neno moja lenye sisi wote tunatumia bila kulifikiria: muvuma. Tunaposema muvuma iko, maana yake kazi inatembea, mutu anauza, mwingine anabeba, mama anapika, motari anapata mteja, na mwenye alifukuzwa kwao na vita anapata pa kuanzia. Kwa Smith, ile ni fikra kamili ya uchumi. Anaiweka mbele ya kampuni zenye kufunga kilima, na mbele ya wenye kuweka alama juu ya mifuko.

Kitabu cha pili ni cha Christoph Vogel, Conflict Minerals, Inc., London, mwaka 2022 pia. Kama mutu ako na nafasi ya kusoma kimoja tu juu ya uchumi, sisi tungemupa hiki. Vogel anafuata njia ya kile chenye watu wetu waliita sheria ya Obama. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria kubwa ya benki, inaitwa Dodd-Frank, na ndani yake kipengele 1502: kampuni zenye kuuzisha hisa kule zilipaswa kusema kama bati, tantale, tungsteni na zahabu zao zinatoka Kongo ao inchi za jirani. Kampuni nyingi zikaona ni rahisi kutonunua kabisa. Septemba ya mwaka ule ule, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wote wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Miezi sita, mpaka Machi 2011. Walikale inakumbuka. Kilambo ikawa kimya, minerval ikakosa, mama mwenye kuuzisha mchele kwenye mashimo akabaki na madeni ya wengine.

Nyuma ya pale zikaja taki za iTSCi, zilifika Rubaya mwaka 2014. Mfuko unafungwa alama kwenye shimo, tena alama ingine kwa negosia, ili mnunuzi wa mbali ajue jiwe limetoka wapi. Fikra si mbaya. Swali la Vogel ni: nani analipa? Gharama inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mwenye kushika nyundo, kwa njia ya bei ndogo. Na mahali kuko mnunuzi mumoja tu mwenye ruhusa, mchimbaji hana kwa kukimbilia. Vita nayo haikusikia habari ya taki: mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23.

Tunaandika haya sababu ile sheria haikutoka hewani. Ilitoka kwa ripoti, na ripoti zilitoka kwa watu waliokuja kuuliza maswali. Mutu mwenye kueleza shimo yako vibaya kule mbali anaweza kuifunga, na hatajua kama watoto wako walifukuzwa shuleni.

Wamama je? Ndani ya vitabu viwili hivi wanaume ndio wanaongea sana. Marie-Rose Bashwira, mtafiti wa Bukavu, aliandika tezi yake ya udaktari juu ya wanawake wa machimbo ya mashariki ya Kongo, universite ya Wageningen kule Uholanzi, mwaka 2017. Anaonyesha wenye kutwanga mawe, wenye kuosha, wenye kukopesha, wenye kununua, na namna mageuzi ya kusafisha biashara ya madini yaliwasahau ao yaliwasukuma inje. Tungependa wakubwa wote wa koperative waisome hii kwanza.

Juu ya makabila, tutaenda polepole.

Muhistoria Stanislas Bucyalimwe Mararo aliandika tezi yake universite ya Indiana, Marekani, mwaka 1990, juu ya ugomvi wa mashamba Masisi tangu 1920 mpaka 1989. Angalia ile tarehe: 1990, miaka mitatu mbele ya moto wa Ntoto. Alionyesha namna Wabelgiji walitafuta udongo na wafanyakazi kwa wakati moja. Komite ya Taifa ya Kivu ilianzishwa mwaka 1928 na ikapewa mamlaka juu ya udongo mwingi sana. Mwaka 1937 ikaja ile kazi ya kuleta jamaa kutoka Rwanda, ikiitwa MIB, na Gishari ikafanywa sheferi yao mpaka ilipofutwa mwaka 1957. Wale waliokuja waliambiwa hapa ni kwao. Wahunde waliambiwa ni mambo ya serikali. Hakuna upande uliopewa karatasi yenye kuonyesha mpaka.

Kisha uhuru, na sheria zenye kwenda na kurudi. Uraia ulitolewa kwa sheria ya 1972, ukaondolewa na ile ya 1981. Sheria ya udongo ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, na kwamba haki za mashamba ya desturi zitaelezwa na amri ya rais. Ile amri haikutoka. Wenye franga na marafiki Kinshasa walipata malisho makubwa, na mkulima, awe Muhunde awe Muhutu, akajikuta mugeni kwenye shamba lenye babu yake alilima. Mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, inchi ya Walikale, na vita ikapanda mpaka Masisi yote. Jean-Claude Willame, Mubelgiji, alieleza sehemu kubwa ya mambo haya kwa Kifaransa ndani ya Banyarwanda et Banyamulenge, mwaka 1997. Si lazima ukubaliane na kila mstari wake. Sisi hatukubaliani na yote. Lakini kijana mwenye kuzaliwa nyuma ya 1993, mwenye kuambiwa kila siku kwamba jirani yake ni adui tangu dunia iumbwe, angefaa kuona tarehe. Hii ugomvi iko na miaka yake ya kuzaliwa, na iko na karatasi zenye sahihi za watu.

Sasa muziki, yenye tuliacha kwa mwisho sababu ndiyo ilitufurahisha.

Wazungu wanaita muziki ya Mozart na Beethoven klasike: ile yenye kufundishwa kwa miaka, yenye kanuni zake, yenye kila kizazi kinapokea na kulinda. Walikale iko na yake. Mwaka 1956, ndani ya kijiji cha Wanyanga, muzee Candi Rureke aliimba karisi ya Mwindo kwa siku 12 mbele ya Mubelgiji Daniel Biebuyck. Aliimba, akahadizia, akacheza, akiwa na kibuyu cha kutikisa mukononi na njuga miguuni, vijana wakipiga mti wa mdundo. Wakati ule walikuwa wanaandika kwa mukono, usiku na mchana. Kitabu kilitoka Berkeley mwaka 1969, The Mwindo Epic, kwa jina la Biebuyck na la Kahombo Mateene, mwanaluga Munyanga mwenyewe. Maneno ya Kinyanga yamechapwa mule pamoja na Kiingereza. Wanafunzi wa Marekani wanaisoma darasani pembeni ya hadizi za Wayunani.

Na hadizi yenyewe, mchimbaji ataielewa kuliko mwanafunzi wa Marekani. Shemwindo hataki mtoto mwanaume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, baba anamufunga ndani ya ngoma na kumutupa mtoni, na mtoto anaimba akiwa ndani ya ngoma. Kisha baba anakimbia chini ya udongo. Mwindo anang'oa jani la kikoka, anaingia chini kumufuata. Mbele ya kushuka anamuachia shangazi yake Iyangura kamba, ashike ncha moja inje: siku kamba itakoma kutikisika, ajue kijana amekufa.

Tulisoma ile sehemu mara mbili. Kila mwenye alisimama kwenye mdomo wa shimo akishika kamba ya mwenzake anajua ile kazi ya Iyangura.

Mwindo anamukuta baba yake, na hamuui. Anarudi naye juu, wanagawana ufalme.

Kwa mwenye kutaka kusoma: vitabu vidogo vya Usalama vya Rift Valley Institute, vya mwaka 2012 na 2013, vinapatikana bure kwa Kifaransa, na kimoja kati yao, kile cha PARECO, kinaongea sana juu ya Masisi na mashamba yake. Tezi ya Bashwira nayo ni bure, kwa Kiingereza. Zinaingia ndani ya telefone, mutu mumoja mwenye megabaiti anaweza kuzigawia koperative nzima. Na mtafiti atakayeshuka Rubaya ao Njingala mwezi ujao, mbele ya kumujibu mumuombe aandike ndani ya kaye ya koperative jina lake, universite yake, na kopi ngapi ataacha, kwa luga gani.